Kicheko cha Makaburini

9 Februari

Shemeji,

Salamu zikufikie huko juu, maana nasikia siku hizi unatengeneza lifti za majengo ambayo mtu akichungulia dirishani anaona migongo ya ndege. Sisi huku chini tupo. Mguu wa Mama umetulia, isipokuwa asubuhi. Paa la jikoni linavuja pale pale, mvua imeshaijua njia. Cherehani yangu ilikatika mkanda, nimeufunga kienyeji, nashona sare za shule polepole huku inanilalamikia.

Nakuandikia kwa sababu simu imenishinda. Ukipiga nasema haloo, nawe unasema haloo, kisha tunasikilizana tukipumua mpaka salio linakwisha. Kwenye karatasi mtu anaweza kuweka kalamu chini, akafuta uso, akaendelea, na msomaji asijue.

Uliniuliza ilikuwaje. Kaka yako aliamka mzima kabisa. Alikunywa chai, akagombana na redio kama kawaida yake, akaenda karakana. Alikuwa anapiga randa mlango wa mtu. Mwenzake wa kazi, Macho Futi, yule anayejigamba kwamba macho yake ndiyo futi, anasema alimwona anakaa chini taratibu kama mtu anayetaka kupumzika. Alipomwita hakuitika. Hospitalini tukaambiwa ni moyo, na daktari akaenda kwa wagonjwa wengine. Mlango wa watu bado uko pale mezani, nusu umelainishwa na nusu haujaguswa.

Mazishi yalikwenda vizuri. Watu walijaa, kwaya iliimba, mchungaji alisema maneno mazuri. Sina zaidi juu ya hilo.

Najua kupata ruhusa kazini ni shida. Mama aliuliza habari zako mara moja siku ile. Hakurudia.

Nakuombea. Nawe uniombee, ingawa magoti yako uliyapumzisha zamani.

Ni mimi, shemeji yako


28 Februari

Shemeji wangu,

Barua yako imefika ikiwa na alama ya kikombe cha chai cha mtu nisiyemjua, kwa hiyo huenda habari zetu zimesomwa na posta nzima. Mimi sijambo. Mwenye nyumba wangu bado anafuga jogoo anayewika wakati wowote anaojisikia. Kazini tumeletewa msimamizi mpya, mfupi, mkali, anayeogopa lifti. Anapanda ngazi hadi ghorofa ya mwisho kuja kutukemea, akifika hana pumzi ya kukemea.

Kuhusu kutokuja, nilinyimwa ruhusa. Nilimwomba huyo bwana, akasema lifti ya hospitali imekwama na hakuna mtu mwingine. Nilitaka kuja. Mwambie Mama hivyo.

Sijui kumfariji mtu, unanijua. Kanisani kwenu mnasema kazi ya Mungu haina makosa. Mimi hapo siingii, nisije nikatukana. Lakini kwa upande wako sina wasiwasi hata kidogo. Wewe ndiye uliyekuwa unaongoza wale akina mama wa kutembelea wafiwa, mtaa mzima umelia mabegani mwako. Mtu kama wewe ana pa kushika. Ingekuwa ni mimi niko peke yangu na Mama hapo nyumbani, ndiyo ungekuwa na sababu ya kuhangaika.

Kaka yangu alikuwa fundi na alikuwa mchekeshaji, na sijui kipi kitanikosesha usingizi zaidi. Nieleze mazishi yalivyokuwa. Nieleze yote.

Mdogo wake


24 Machi

Shemeji,

Tunamshukuru Mungu tumeamka. Kuku wa jirani wamekula mche wangu wa mpapai, nimewasamehe wao, jirani bado. Sare nimemaliza za darasa zima, zimebaki sketi mbili za wasichana wanene ambao mama zao hawataki waandikwe vipimo vyao vya kweli.

Kanisa linaendelea. Kwaya inaendelea. Mchungaji ana sauti mpya baada ya mafua.

Mama anaongea, ila si na mimi. Anaongea na masufuria. Akitaka chumvi anaiambia sufuria, "Leo nawe umepikwa bila chumvi." Akitaka nifunge mlango anauambia upepo. Nikijibu mimi, anaendelea na sufuria. Zamani aliniita mwanangu, sasa nikipita anasema, "Binti wa watu anapita." Nacheka nikikuandikia, lakini nyumbani sicheki. Sicheki kabisa siku hizi.

Mazishi nilishakuambia. Yalikwenda vizuri.

Lile shati la kaka yako la mistari nimelitunza kwa ajili yako. Siku ile ulikuwa kwenye lifti ya hospitali, sivyo? Iliisha vizuri hiyo kazi?

Ni mimi


16 Aprili

Shemeji,

Salamu. Mimi ni mzima. Lifti ya hospitali iliisha, ahsante kwa kuuliza.

Sitazunguka. Mwalimu wa kwaya amenipigia simu. Aliongea mambo mengi, nikaona anazunguka jambo kama paka anayezunguka samaki wa moto, nikamwambia aseme. Akasema kwamba makaburini, jeneza likiwa bado juu ya ardhi, wewe ulicheka. Si kidogo. Anasema kwaya ilikatika katikati ya wimbo. Anasema watu hawajaacha kulizungumza, na kwamba tangu siku hiyo hujakanyaga kanisani hata mara moja. Wale mama wa kufariji walikuja kukufariji wewe, ukajificha nyuma ya pazia la chumba chako huku wakiiona miguu yako.

Shemeji, uliniandikia yalikwenda vizuri. Mara mbili. Yule aliyekuwa anazikwa ni ndugu yangu, tumelala kitanda kimoja mpaka nilipoota ndevu. Mama yangu alisimama hapo akasikia kicheko. Sasa ndiyo naelewa kwa nini anaongea na masufuria.

Kama si kweli, niambie, nimpigie mwalimu nimtie adabu. Kama ni kweli, sijui niseme nini. Mtu huagwa kwa adabu. Hata sisi tusiosali tunajua hilo.

Mdogo wake


2 Julai

Shemeji,

Hatujambo. Paa linavuja. Hizo ndizo habari za nyumbani, sasa tuendelee.

Barua yako niliisoma nimesimama, nikaitia chini ya godoro, nikalala juu yake Mei nzima na Juni nzima. Kila nilipochukua kalamu nilijiona nimesimama tena pale mbele ya watu wote. Leo nimesema liwalo na liwe.

Ni kweli. Nilicheka. Si kutabasamu, si kikohozi kama dada mmoja wa kwaya alivyojaribu kunitetea. Nilicheka kwa sauti, nimeshika tumbo, mbele ya jeneza la mume wangu.

Jeneza alilitengeneza Macho Futi. Alikataa mtu mwingine asiguse hata ubao. Na unamjua, hajapima kitu tangu azaliwe. Kaka yako alimnunulia futi akaitumia kufungia mzigo kwenye baiskeli. Basi akalitengeneza kwa macho, na macho yenyewe yalikuwa yamejaa machozi. Tulipofika makaburini halikuingia. Shimo lilikuwa la mtu, jeneza lilikuwa la jitu. Kaka yako, mume wangu mimi, ambaye akivaa kofia ndiyo anafika sikioni kwangu. Wakalishusha likakwama upande wa kichwa. Wakalipandisha, wakaligeuza, likakwama upande wa miguu. Mchungaji alifunga kitabu, akakifungua, akakifunga. Vijana wakashika majembe upya. Kwaya ikaambiwa iendelee kuimba, ikaimba wimbo wote, ikarudia, ikarudia tena, mpaka maneno yakawaishia wakawa wanaguna tu. Na Macho Futi amesimama pembeni, ameshika nyundo, sijui ya nini.

Hapo ndipo nilipomsikia mume wangu. Usinitafutie mganga, sijapagawa. Nilimsikia kama nilivyokuwa nikimsikia kwenye mahubiri marefu, akininong'oneza upande wa kushoto ili niaibike mbele za watu. Alisema jambo moja. Sitakuandikia alichosema. Nikacheka, na nilipotaka kuacha sikuweza.

Nilipoinua uso nikamwona Mama ananitazama. Hakuwa na hasira. Ingekuwa hasira ningejua la kufanya. Alinitazama kama mtu aliye ng'ambo ya mto, akageuka.

Tangu hapo sina uso. Umesema nina pa kushika. Shemeji, nilikuwa nafika kwenye nyumba za wafiwa na maneno yangu mazuri, nawaambia, lieni, Bwana anayaona machozi yenu. Niliyasema mpaka yakawa yanatoka yenyewe. Sasa nimebaki najiuliza: machozi anayaona, na vicheko je? Nikipiga magoti, kabla sijasema Baba, aibu inatangulia kusema. Mara moja moja nafika mpaka kona ya kanisa, nasikia wanaimba, nageuza kama mtu aliyesahau kitu nyumbani.

Umeuliza, nimejibu. Sasa na mimi nina langu. Yule mng'arisha viatu wa stendi alikuja Machi kumpa Mama pole. Akasema, "Na kijana wako nilimng'arishia viatu asubuhi ile ya mazishi. Alikuwa na shada la maua. Alikaa kwenye kiti changu mpaka wateja wakaanza kunigombeza." Mama akamwambia, "Umemfananisha, mwanangu yuko mbali." Mgeni alipoondoka, Mama aliingia chumbani kwake akafunga mlango. Mimi nilikutega kidogo katika barua, nikakuuliza habari ya lifti, ukaruka mtego. Nikasema basi, kila mtu aifuge aibu yake. Lakini naona wewe yako umeifungia ndani, ukatoka na fimbo kuichapa yangu.

Nimepata kazi kwenye kiwanda cha nguo, mji mwingine. Mwisho wa Agosti nitaondoka. Mama atabaki na masufuria yake, na mtoto wa jirani wa kumchotea maji. Hakuna mtu huko kiwandani anayenijua, na hakuna aliyewahi kunisikia nikicheka.

Ni mimi


14 Julai

Shemeji,

Sitakuuliza hali, maana sistahili kujibiwa.

Nilikuwepo. Ruhusa nilipewa siku ile ile. Yule bwana mfupi hata alinipa pole ya mkono. Nilisafiri, nikafika stendi kumekucha, nimevaa suti ya kuazima, nina maua yanayoanza kulala. Nikasema ning'arishe viatu kwanza, Mama asiaibike. Nikakaa kwenye kile kiti. Halafu nikakumbuka kwamba mimi ndiye ndugu pekee wa kiume aliyebaki, na kwamba mchungaji wenu atasema, sasa ndugu wa marehemu atuongoze kwa sala. Nikajaribu kuipanga kichwani. Shemeji, sikupata hata neno la kuanzia. Nilimwona Mama amefumba macho ananisubiri, na mimi nimesimama juu ya kaburi la kaka yangu mdomo wazi kama samaki. Viatu vikaisha kung'arishwa. Nikamwambia yule bwana arudie. Nilisikia kwaya inapita barabara ya juu kuelekea makaburini, nikajiambia wimbo huu ukiisha nitainuka. Wakafika makaburini, pale juu ya stendi, bado nausikia, haukuisha. Sasa wewe ndiye umenieleza kwa nini haukuisha. Nikaacha maua kwenye kiti, nikapanda basi la kurudi.

Halafu nikakuandikia wewe kwamba mtu huagwa kwa adabu. Nilipoikumbuka sentensi hiyo kwa akili yangu, nilitamani karatasi ile inirudie niile. Wewe ulisimama pale. Ukacheka ndiyo, lakini ulisimama. Mimi sikumuaga kabisa.

Kuna jambo lilinitokea Mei, sijamwambia mtu kwa kuogopa kuchekwa, maana hapa kazini mimi ndiye bingwa wa kuwatania walokole. Lifti ilikwama katikati ya ghorofa, ndani mna mama mmoja mfanya usafi, taa zimezimika. Sisi mafundi kitu cha kwanza tunachofundishwa si kushika spana. Unakwenda mlangoni, unasema, "Niko hapa. Usisukume mlango. Sitaondoka." Unaendelea kuongea, hata ukiwa hujui tatizo ni nini, kwa sababu mtu akisikia sauti hafanyi jambo la hatari. Basi nikasema hivyo. Yule mama akajibu kwamba anaomba, na kwa kuwa wawili ni bora kuliko mmoja, nimwitikie amina. Nikataka kufanya mzaha. Lakini alikuwa anaomba vizuri, Shemeji, bila kelele, kama mtu anayeongea na fundi mwingine aliye upande wa juu. Alipomaliza nikasema amina. Nikajikuta nimekaa chini pale mlangoni, nalia, na spana mkononi, na mama wa watu ndani ya giza ananiambia, "Usilie baba, nitatoka tu."

Tangu hapo nasema maneno mawili matatu asubuhi kabla ya kazi. Naona aibu kuyasema, hata sasa naona aibu kuyaandika. Miaka yote hii nilikuwa ninawacheka ninyi.

Kuhusu swali lako la vicheko. Mimi si mchungaji. Lakini Mama alitusimulia tukiwa watoto, kaka na mimi, habari ya yule bibi kizee wa kwenye Maandiko aliyejificha nyuma ya mlango wa hema, akasikia kwamba atazaa, akacheka. Akaulizwa, akakana kwa kuogopa. Akaambiwa, umecheka wewe. Kaka alipenda sana hapo, kila Mama akifika hapo aliomba arudie. Na Mama alikuwa anamaliza hivi: kicheko kilisikika, na mtoto akapewa vile vile. Kwa hiyo kama unaniuliza mimi, vicheko navyo vinasikika, na hakuna mtu aliyenyang'anywa kitu kwa sababu ya kucheka.

Sina uso wa kukuomba usiondoke. Kwa hiyo sikuombi. Naandika tu kwamba sitaki.

Mdogo wake


25 Julai

Shemeji,

Yako imefika. Nimeisoma nikiwa nimekaa, hayo ni maendeleo.

Pole kwa kile kiti cha stendi. Sikukasirika kama ulivyofikiri. Nililia kwa ajili ya maua.

Tiketi nimeshakata. Zaidi sina.

Ni mimi


9 Agosti

Shemeji,

Nimepokea. Huku ni salama, jogoo wa mwenye nyumba ameliwa, nyumba nzima tumelala mpaka jua kali na tumechelewa kazini.

Jumapili nilikwenda kanisani. Nilikaa karibu na mlango, kama mwizi. Mzee aliyekuwa pembeni yangu aliniuliza kama mimi ni mgeni, nikasema ndiyo, akasema karibu, akasinzia mpaka mwisho. Nilifurahi kwamba hakuniuliza zaidi.

Nimemwandikia Mama. Nimemwambia habari ya stendi kwa mkono wangu. Akikupa umsomee, msomee yote, usiruke mstari. Nitakuja Desemba, na ruhusa safari hii ni ya kweli.

Kama utakuwa umeondoka, niachie tu lile shati.

Mdogo wake


27 Agosti

Shemeji,

Amani iwe kwako. Mama hajambo, mguu wake una habari, nitakuambia. Cherehani imepata mkanda mpya. Paa sisemi.

Barua yako kwa Mama nilimsomea, sikuruka mstari. Alisikiliza akimenya viazi, na kiazi kimoja alikimenya mpaka kikabaki kama kidole. Nilipomaliza akaiambia sufuria, "Nilijua tangu Machi. Mwambieni aje. Na aje na viatu vyenye vumbi, mimi sizikwi na viatu vya watu." Sijaielewa sehemu ya mwisho, lakini amri ni amri.

Nilitaka kuondoka bila kuacha deni la maneno, kwa hiyo Ijumaa nilikwenda karakana kwa Macho Futi. Aliponiona alitaka kujificha nyuma ya kabati ambalo halijawekwa mgongo, nikawa namwona mzima mzima. Tangu mazishi hajapita mtaani kwetu. Alidhani nilimcheka yeye. Miezi yote hiyo, Shemeji, mimi najificha nyuma ya pazia na yeye anajificha nyuma ya kabati. Nikamwambia sikumcheka. Nikamuuliza, lakini kwa nini kubwa vile? Akatazama chini, akasema, "Shemeji, nilipofumba macho kumkumbuka, nilimwona ana urefu ule." Nikaegemea meza. Tukamlilia pale, kila mtu na upande wake wa meza, na ule mlango katikati yetu.

Baada ya hapo nilijua lazima niende kanisani Jumapili, hata kama ni kuaga. Nilivaa, nikafika kwenye ile kona yangu ya kugeuzia. Aibu ikaniambia la kwake. Nikaiambia, haya, twende wote. Niliingia wameshaanza. Vichwa viligeuka, sitakudanganya, na mtu mmoja alinong'ona. Wale mama wa kufariji walisogea kwenye benchi kunipa nafasi, hata wale waliokuwa na nafasi ya kutosha. Bibi mmoja akaniwekea kitabu cha nyimbo mapajani kikiwa kimeshafunguliwa. Ulikuwa wimbo ule ule wa makaburini. Niliuimba nusu, nusu nyingine nikaimbiwa. Sikupata neno la ajabu, Shemeji, wala sauti kutoka juu. Nilijisikia tu kama mtu aliyekuwa gizani kwa muda mrefu akasikia mtu anakohoa upande wa pili wa mlango. Mama alikuwa mbele. Hakugeuka.

Jioni nikawa chumbani nafunga begi, maana basi lilikuwa la Jumanne. Mlango ukafunguliwa. Mama akaingia bila kubisha hodi, akatazama kushoto na kulia akitafuta pa kukaa, akakaa juu ya begi langu. Kiti kilikuwepo.

Akasema, na hapakuwa na sufuria chumbani, "Siku ile alikuambia nini?"

Nikasema, "Nani, Mama?"

"Usinifanye mtoto. Mwanangu. Wewe hukucheka bure, nimekaa nawe miaka, si mtu wa kucheka bure. Alikuambia jambo." Akawa anavuta uzi kwenye pindo la nguo yake. "Nilimsubiri aseme na mimi. Nilimsubiri hospitalini, nikamsubiri pale shimoni. Nilimzaa mimi. Nikakuona wewe unacheka, nikajua amekuja, amepita pembeni yangu, amekwenda kwako. Nimekuwa na wivu, na mimi ni mtu mzima, mama wa kanisa. Nimeona aibu hata kumwambia Mungu."

Shemeji, nilikuwa nimejiandaa kwa kila aina ya neno isipokuwa hilo. Nikakaa chini sakafuni mbele yake. Nikamwambia, "Walipolipandisha jeneza mara ya pili, alisema, 'Mpeni Macho Futi mkono wa pole, halafu nipeni futi nishuke nikapime mwenyewe.'"

Hakusogea. Nikadhani nimeharibu upya. Halafu mabega yakaanza. Mama alicheka, Shemeji, alicheka mpaka begi likawa linapiga kelele, akijifunika uso kwa mikono yote miwili, akisema, "Mtoto huyu. Mtoto huyu." Nami nikacheka, na mahali fulani katikati kicheko kikawa kilio, sikuona mpaka. Tulishikana. Jirani aligonga kuuliza kuna nini, hakuna aliyemjibu.

Tulipotulia akanishika kichwa kwa mkono wake ule wa kumenyea viazi, akafumba macho. Nilidhani ataomba kama anavyoomba kanisani, ndefu, na ukoo wote ndani yake. Akasema tu, "Bwana, umemsikia mwenyewe. Mpokee na mdomo wake huo."

Nikasema amina. Kisha akaniambia nimwinue, mguu umekufa ganzi, na begi limebonyea. Sijalifungua kutoa nguo, lakini tiketi nimeirudisha.

Ni mimi, shemeji yako, na Mama anakusalimu